Kwa Nini Samaki wa Birika Huchaguliwa Majirani

Samaki wa birika ninyi mnamwita mpiganaji. Mmemsingizia, na mimi huumia kila ninapolisikia jina hilo, kwa sababu najua alikotoka. Kaeni vizuri niwaeleze. Na wewe unayetafuna karanga, tafuna polepole, maana kisa hiki hata mimi ninayekisimulia hunipa wasiwasi.

Kulikuwa na wakati samaki yule hakuwa na rangi yoyote. Mwili wake ulifanana na maji yaliyooshewa mchele. Mapezi yake yalikuwa mafupi kama kucha, na hakujua kukasirika. Ungemweka na samaki wa aina yoyote, wengi upendavyo, asijali nani amepita kushoto wala nani amepita kulia. Kazi yake ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu ndani ya birika, na kazi hiyo aliifanya kimyakimya tangu asubuhi hadi jioni.

Sisemi birika la chai, msinitolee macho. Nasema birika la maji, lile la mawe na chokaa linalojengwa kwenye pembe ya nyumba, watu wakateka humo maji ya kuoga na ya kutawadhia. Katika mji wa Kizimbe kila nyumba ilikuwa na birika lake, na kila birika lilikuwa na samaki wake. Pasipo samaki, maji yalijaa viluwiluwi, viluwiluwi wakaota mabawa, na mbu wakaleta homa. Watu wa Kizimbe waliiogopa homa kuliko walivyomwogopa simba, kwani simba hakuwahi kuingia ndani na kumchukua mtoto aliyelala kifuani mwa mamaye. Homa ilifanya hivyo kila mwaka.

Kwa hiyo walikuwa na desturi waliyoiita kuchangia birika. Mwanamke akijifungua, kila aliyekwenda kumtazama alichota samaki mmoja katika birika la nyumbani kwake, akamtia katika bakuli la maji, akalifunika kwa jani la mgomba, akaenda kummimina birikani mwa mzazi. Maana yake ilikuwa kwamba mkono wangu nao umlinde mtoto huyu. Ilikuwa desturi ya upendo, sisemi vinginevyo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kuuliza ni samaki gani. Mwenye samaki mnene alileta mnene, mwenye samaki mkorofi alileta mkorofi, na mzazi alipaswa kushukuru. Kukataa samaki wa mgeni kulikuwa sawa na kumtemea mate mlangoni.

Basi kulikuwa na mwanamke mmoja katika mji huo, jina lake Somoe. Mumewe aliitwa Shekue, mtu mpole mno, mpole hata kwa mlango, aliyeufunga kana kwamba anaogopa kuuamsha. Somoe alikuwa amezaa mara mbili na kuzika mara mbili. Watoto wote wawili walichukuliwa na homa kabla hawajaanza kukaa. Sasa alikuwa amejifungua wa tatu, mtoto wa kiume, wakamwita Mshamu. Furaha ilikuwapo nyumbani, lakini ilikuwa furaha ya kunyatia. Hakuna aliyethubutu kusema kwa sauti kwamba mtoto ananenepa.

Somoe hakuwa na raha. Alipolala alisikia mbu hata pasipokuwa na mbu. Alipokula alitafuna upande mmoja huku sikio likiwa kwa mtoto. Na kwa kuwa mzazi hatoki nje mpaka arobaini itimie, alishinda ndani, na humo ndani kitu pekee cha kutazama zaidi ya mtoto kilikuwa birika. Alilitazama mara kwa mara, maana aliamini uhai wa mwanawe umo humo. Hakukosea.

Kwa kulitazama hivyo ndipo alipoona jambo ambalo watu waliokuwa wakiteka maji upesi na kwenda zao hawakuwahi kuliona. Samaki wake dume, yule asiye na rangi, alikuwa juu ya maji akipuliza povu. Alivuta hewa, akaipuliza, tone baada ya tone, mpaka likawa tandiko dogo la povu pembeni mwa birika. Jike akataga. Dume akayaokota mayai kwa mdomo wake, moja moja, akayapachika ndani ya povu. Lilipoanguka moja alilifuata, akalirudisha. Ndiyo, baba ndiye aliyelea. Msicheke, enyi akina baba, sikilizeni.

Somoe alipoona hayo moyo wake ulilainika. Akamwambia mumewe, "Baba Mshamu, njoo uone. Naye ana watoto."

Shekue akainama, akatazama, akasema, "Mungu amkuzie." Akaondoka kwa ncha za vidole.

Sasa wageni wakaanza kuja. Jirani wa kwanza alileta visamaki vya fedha, vyepesi, vyenye midomo isiyotulia, ambavyo kila kinachoning'inia vilikidonoa. Shangazi yake Shekue akaleta samaki mnene mwenye kinywa kipana kama kikombe. Mwingine akaleta dume mwenye mkia unaomeremeta, mwingine akaleta wawili kwa sababu wa kwanza alionekana mdogo. Kila mmoja alimimina bakuli lake, akamwombea mtoto dua, akapewa kahawa. Somoe alishukuru. Midomo yake ilishukuru, ila macho yalikuwa birikani, kwa sababu mara hii aliona dume akizunguka chini ya povu kwa kasi, kama mtu aliyepigiwa hodi na wengi kwa wakati mmoja asijue aanzie mlango upi.

Akataka kusema neno, akalimeza. Angesema nini? Kwamba samaki wa shangazi asiingie kwa sababu ya povu? Wangesema uzazi umempanda kichwani.

Mchana mmoja, mtoto akiwa amelala, Somoe alisikia maji yakichapwa. Akakimbia. Alikuta povu limechanika. Yule wa kinywa kipana alikuwa chini ya kiota akimeza, na visamaki vya fedha vikiwania kilichobaki. Dume alijaza mayai kinywani mwake, akakosa pa kuyapeleka. Kila pembe ilikuwa na mtu. Aliyashika humo kinywani mpaka pumzi ilipomwishia, na alipofunua mdomo tu yakatoka, yakaliwa mbele ya macho yake. Somoe alitia mkono majini akikamata huku na kule, akapata maji matupu. Akaketi sakafuni akalia, na hakujua anawalilia watoto wa nani.

Hapo ndipo samaki yule alipogeuka.

Wekundu ulimwanzia mashavuni, ukashuka ubavuni, ukakutana na weusi na buluu ya jeraha lililovilia damu. Akayatanua mapezi ili kukiziba kiota ambacho hakikuwapo tena, akayavuta yawe makubwa kuliko uwezo wa mwili wake, yakarefuka, yakawa kama vitambaa. Mashavu yakamfutuka. Hakushuka tena chini kupumzika. Alikaa juu, akivuta hewa kwa mdomo, asije akaondoa macho pale povu lilipokuwa. Na kila aliyemsogelea alimrukia. Yule dume wa mkia unaomeremeta ndiye aliyeteswa zaidi, maana kwa mkia ule alifanana na baba mwingine. Visamaki vya fedha navyo vilimfuata nyuma vikimdonoa mapezi mapya, yeye akigeuka vimeshakimbia.

Katika vurugu hiyo hakuna aliyekula viluwiluwi. Maji yakaanza kutoa harufu. Asubuhi moja Somoe akaona viluwiluwi wananing'inia juu ya maji kama chembe za ufuta, na jioni ile ile Mshamu akawa wa moto.

Mnajua mtoto akiwa wa moto nyumba inavyokuwa. Hakuna anayetembea, watu wanaelea. Somoe alimkanda mtoto kwa kitambaa, na akili yake ikarudi nyuma kwa wale wawili wa kwanza. Akakumbuka kwamba kila safari birika lilijaa samaki wa wageni, kila safari maji yalichafuka, samaki wakaelea mmoja mmoja, na kila safari homa ilifuata. Hakuna aliyeliona kwa sababu hakuna aliyethubutu kufikiri kwamba zawadi inaweza kuua. Alipolifikiri hilo akaogopa kana kwamba amekufuru.

Akamwambia mumewe, "Nipe kila chombo kilichomo nyumbani."

"Cha nini?"

"Nipe tu, Baba Mshamu. Usiniulize, nitaanza kulia."

Shekue akaleta mabakuli, sufuria, ndoo, hata buli. Somoe akawatoa samaki wote isipokuwa yule mmoja, akabadilisha nusu ya maji, na nyumba nzima ikawa haina pa kukanyaga kwa vyombo vyenye samaki. Shekue aliruka huku na huku kama anavuka mto kwa mawe. Naye yule samaki, alipobaki peke yake, alizunguka birika zima, akahakikisha, kisha akala kiluwiluwi wa kwanza. Somoe akashusha pumzi.

Lakini birika lilikuwa pana, na mmoja hakutosha kulisafisha. Ukungu wa kijani ulianza kuota kutani, mabaki yakalala chini. Alihitaji wenzake, ila wenzake gani? Hapo Somoe akafanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa Kizimbe. Alichukua kidema kidogo, ule mtego wa ukili uliosukwa kwa matundu, ambao watoto hukamatia visamaki, akamtia ndani samaki mgeni mmoja, akakizamisha birikani. Mwenyeji, yule dume mwekundu, akamwona mgeni asiweze kumfikia, na mgeni vivyo hivyo. Somoe akakaa kwenye ukingo, mtoto mapajani, akatazama.

Dume wa mkia unaomeremeta hakudumu hata kidogo. Mwenyeji alijirusha kwenye ukili mpaka Somoe akahofia ataumia. Akamtoa. Jike wake mwenyewe akatiwa, naye akakataliwa, na hilo lilimhuzunisha Somoe kuliko yote. Visamaki vya fedha vilitoa midomo kwenye matundu ya kidema kutafuta pezi la kudonoa. Vikatoka. Yule wa kinywa kipana Somoe hakumjaribu. Alimtazama tu na kusema, "Wewe nakujua."

Kisha akawatia samaki wadogo wa sharubu, wa rangi ya udongo, ambao jirani fulani aliwaleta kwa aibu kwa kuwa hawana uzuri wowote. Wao walishuka chini ya kidema, wakakusanyika pamoja, wakaanza kupekua. Hawakutazama juu hata mara moja. Mwenyeji aliwazunguka, mapezi juu, akawanusa, akawatanulia mashavu, wao wakaendelea kupekua. Mwisho mapezi yakashuka. Somoe akawafungulia, akatia kiganja majini tayari kuwaokoa. Hapakutokea kitu. Wa juu akakaa juu, wa chini wakakaa chini.

Konokono hakujaribiwa, kwani alikuwa amekwisha kuingia. Alifika na majani ya maji aliyoyaleta mgeni mmoja, hakuna aliyemwona, na sasa alikuwa ukutani akiula ule ukungu bila kumsalimu mtu. Mwenyeji alimpiga pua mara moja, akakuta gamba, akamwacha. Uduvi wa maji baridi nao waliingia na majani hayo. Hapo sitawadanganya, wadogo kabisa aliwala. Ila waliokuwa wakubwa kidogo walijificha katika majani yale yale, wakaokota mabaki, wakabaki. Somoe akasema basi, inatosha, na akaweka mkono juu ya birika kama anayefunga mlango.

Mtoto bado alikuwa wa moto.

Katika hali hiyo arobaini ikatimia, na siku hiyo ndiyo mama mkwe huja. Mama yake Shekue aliitwa Mwanakombo, mwanamke wa kunyooka, ambaye akiingia barazani waliokaa hujikuta wamesimama. Alikuwa amemhifadhi dume wa birika lake, wa ukoo wa samaki waliolilinda birika hilo tangu enzi za bibi zake, ili amtie birikani mwa mjukuu. Alikuja mchana, bakuli la kauri mikononi, wanawake wa ukoo nyuma yake wakiimba.

Somoe akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipishe, bakuli zito."

"Mama, wewe karibu. Samaki asiingie."

Nyimbo zikakatika. Mwanakombo akatabasamu, maana alidhani hakusikia vizuri. "Nani asiingie?"

"Huyo wa bakulini, mama. Nisamehe."

"Wewe wanikatalia mimi? Mumeo nimemlea kwa maji yaliyolindwa na ukoo wa samaki huyu. Wanirudishia mkono wangu mlangoni, mbele za watu?"

Somoe alijua kwamba kwa neno hili angeweza kurudishwa kwao jioni hiyo hiyo. Akasema, "Mama, nimezika wawili. Uliwaosha wewe kwa mikono yako. Mara zote mbili birika lilijaa samaki wa watu wanaonipenda. Mshamu ana homa. Nitukane, nirudishe kwetu, lakini usimmimine."

Mwanakombo akalikumbatia bakuli kifuani. Somoe akalia, akasema, "Njoo uone mwenyewe. Ukiona nimekosea, nitampokea."

Wakaenda wawili hadi birikani. Somoe akamhamishia samaki wa bakulini katika kidema, akakizamisha. Mwenyeji akaja kama mshale, mapezi wazi, mashavu wazi. Na yule wa Mwanakombo, aliyekuwa mweupe wa maji ya mchele maisha yake yote, akatazama mbele yake, na wekundu ukamwanzia mashavuni. Ukashuka. Mapezi yakarefuka mbele ya macho yao. Akajipiga kwenye ukili, si kumfuata adui. Alijipiga upande wa nyuma, akitafuta pa kutokea.

"Ana nini huyu?" Mwanakombo aliuliza, sauti yake imepungua.

Somoe akamwuliza, "Mama, kwenye birika lako, ulipomchota, hapakuwa na povu pembeni?"

Mwanakombo akainama kumtazama samaki wake. "Lilikuwapo," akasema. "Nililisukuma kwa kata nipate kumchota vizuri."

"Ni kiota, mama. Alikuwa analea."

Mama yule akaweka mkono mdomoni. Kisha akamrudisha samaki katika bakuli, akatoka, akawapita wanawake wa ukoo bila kuwatazama, akafika njiani, akaanza kukimbia. Watu wa Kizimbe hawakuwahi kumwona Mwanakombo akikimbia. Maji yalimwagika kifuani, ushungi ukamtoka, watu wakajibanza ukutani kumpisha, na yeye alikuwa akisema peke yake, "Ngoja, ngoja, nakurudisha, ngoja." Alifika, akammimina. Aliyakuta mayai mangapi hakumwambia mtu yeyote, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwuliza.

Mshamu alikaa na homa siku kadhaa zaidi, na siku hizo sitazielezea, mwenye mtoto anazijua. Mbu wakapungua birikani, wakapungua nyumbani, kitambaa kikawa hakikauki tena upesi kwenye paji lake, na asubuhi moja mtoto akalia kwa njaa. Somoe akamnyonyesha. Mchana wake Mwanakombo alikuja tena, peke yake, mikono mitupu, akasimama nje ya mlango yule mwanamke asiyewahi kungoja kukaribishwa popote, akasema, "Mwanangu, nikuletee nini?"

Somoe akasema, "Konokono, mama."

Tangu hapo hakuna mtu Kizimbe aliyekwenda kwa mzazi na bakuli lililofunikwa. Huuliza kwanza, akajibiwa, akaleta alichoambiwa. Na tangu hapo samaki wa ukoo ule wote huzaliwa na rangi na mapezi marefu. Hofu ya yale madume mawili iliwafikia wote. Mtu anayemfuga leo humpa nyumba yake mwenyewe, akamtafutia majirani wanyonge wa rangi: wale wa sharubu wa chini, konokono, uduvi waliokwisha kukua, na majani mengi ya kujifichia. Hamtii dume mwenzake, wala wenye mikia mirefu, wala wadonoaji, wala wenye vinywa vipana. Akiisha kuwatia hukaa akatazama, na chombo cha kuwaokolea kiko mkononi.

Na msimwekee kioo mkacheka akitanuka. Nimeona watoto wakifanya hivyo. Yeye haoni sura yake humo. Anaona baba mwingine ameingia, na nyuma yake kuna povu ambalo lilichanika kabla bibi zenu hawajazaliwa, na hakuna aliyepata kumwambia kwamba hakuna tena cha kulinda.